Pikapu ya dizeli ya zamani imelegea: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanawahusu wenye Toyota Hilux za zamani zenye injini za 2L, 3L na 5L, yaani dizeli isiyo na tabo (kifaa cha kusukumia hewa ndani ya injini) wala kompyuta, yenye pampu inayozungushwa na mkanda wa taiming. Mwenye gari la petroli au la D-4D, yaani dizeli mpya ya kompyuta, atapata machache ya kumfaa. Swali la kwanza ndilo ninaloulizwa kuliko yote, na jibu lake limebeba mengi ya yanayofuata.

Gari halivuti mlimani. Fundi anasema aongeze mafuta kwenye pampu. Nimruhusu?

Bado. Nyuma ya pampu, juu kidogo ya pale zinapotokea paipu nne za kwenda kwenye nozeli (vinyunyizia vya dizeli kwenye silinda), kuna skrubu yenye nati ya kuifunga. Ukiikaza kwenda ndani, pampu inatoa dizeli nyingi zaidi kwa kila pigo. Robo mzunguko tu na gari linabadilika, ndiyo maana fundi anaipenda: kazi ya dakika tano, mteja anaondoka anacheka.

Lakini skrubu haiongezi hewa. Injini ya 3L ina ujazo wa cc 2,779 na ilipokuwa mpya ilitoa nguvu ya farasi 90 hivi. Hewa inayovuta ni ileile kabla na baada ya skrubu. Dizeli iliyozidi haina hewa ya kuungua nayo, kwa hiyo nyingine inatoka kama moshi mweusi na nyingine inaungua kwa kuchelewa, joto likipanda. Injini hizi huanza kuunguza dizeli ndani ya chemba ndogo zilizomo kwenye silinda hedi, na joto hilo linaishia hapo hapo. Hedi ikipasuka miezi minne baadaye, aliyekaza skrubu hayupo.

Nimejifunza kwa mfuko wangu. Nilikuwa na Hilux ya 3L, nimepakia vitunguu Ruaha Mbuyuni, napanda Kitonga kwenda Iringa. Kabla ya nusu ya mlima gari likaanza kufa taratibu, gia ya pili nayo ikawa nzito. Nikasimama, nikakaa dakika kumi, likawaka na kuvuta vizuri, kisha likafa tena. Fundi niliyemkuta njiani akakaza skrubu nusu mzunguko. Moshi ukawa kama wa treni ya zamani, na mbele kidogo gari likafa vilevile. Nilipoenda kuangalia kama dizeli imeisha ndipo nikakumbuka: kifuniko cha tenki kilipotea wiki mbili nyuma, na kijana wangu alikuwa amefunga mdomo wa tenki kwa nailoni mbili na mpira wa tyubu. Nilipoilegeza ile nailoni, tenki likavuta pumzi, fyuuu, kama mtu aliyekuwa amezamishwa majini. Pampu ilikuwa inavuta dizeli, hewa haina pa kuingilia, mpaka inashindwa kuvuta. Nikasimama kila baada ya muda kufungua nailoni, nikafika Iringa. Kifuniko kilikuwa bei ya soda chache.

Kama ni lazima skrubu iguswe, iwe baada ya kukagua yote yaliyo hapa chini. Na kabla ya kuigusa, weka alama ya msasa au rangi kwenye skrubu na kwenye pampu, uhesabu mizunguko, ili uweze kurudi ulikotoka.

Basi nianzie wapi?

Anzia nje ya injini. Mwambie mtu akanyage pedali ya mafuta hadi mwisho, injini ikiwa imezimwa, nawe uangalie mkono wa pampu. Unatakiwa kugonga skrubu yake ya mwisho. Mara nyingi hauifikii: waya umelegea, au zulia limejikunja chini ya pedali. Nimewahi kuona gari lililopelekwa kwa mafundi watatu kwa sababu ya zulia.

Halafu pandisha kilima kidogo kwa gia ya tatu. Mlio wa injini ukipanda na mwendo haupandi, hiyo ni klachi inateleza. Ukimaliza safari fupi bila kufunga breki kwa nguvu, sogeza kiganja karibu na kila rimu; inayochoma kuliko nyingine ina breki iliyoganda, na injini imekuwa ikiivuta muda wote huo.

Hewa nayo. Toa filta ya hewa, weka tochi ndani yake gizani. Mwanga ukipita kwa shida kila mahali, badilisha. Ukipita kama sindano sehemu moja, badilisha leo hii, kwa sababu tundu hilo linaingiza vumbi ambalo linasaga ringi na silinda kama msasa. Ukipuliza filta kwa kompresa, puliza kutoka ndani kwenda nje, kwa upepo mdogo. Kagua pia mpira mnene wa kutoka kwenye nyumba ya filta hadi injini: nyufa zake hujificha upande wa chini, kwenye mikunjo.

Rangi ya moshi inasema nini?

Mweusi ni dizeli iliyokosa hewa ya kutosha: filta chafu, nozeli zinazomwaga badala ya kunyunyiza, au ile skrubu. Moshi kidogo mweusi unapokanyaga ghafla na mzigo mgongoni ni kawaida kwa injini hizi, usihangaike nao.

Bluu ni oili. Ukitokea baada ya kushuka mlima mrefu huku umeachia pedali, shuku sili za valvu. Ukitoka muda wote na oili inapungua kwenye kijiti cha kupimia, ringi zimechoka.

Mweupe una sura mbili na pua ndiyo inayozitenganisha. Ukichoma macho na kunuka dizeli mbichi, ni dizeli isiyoungua: injini ya baridi, plagi za kupasha joto zimekufa, taiming imechelewa, au silinda moja haina kompresheni (mgandamizo wa hewa). Ukiwa mzito, hauna ule ukali, na maji ya rejeta yanapungua, injini inakunywa maji yake. Usiendelee na safari.

Asubuhi linapigwa stata mpaka betri inaisha, likishawaka linatetemeka na kutoa moshi mweupe.

Karibu kila mara ni plagi za kupasha joto, zile ambazo gerejini tunaziita hita plagi. Zipo nne. Fungua ukanda wa chuma unaoziunganisha, kisha chukua taa ya kupimia, mguu mmoja kwenye chanya ya betri, mwingine kwenye kichwa cha plagi. Taa ikiwaka, waya wa ndani ni mzima. Isipowaka, hiyo imekatika.

Usizijaribu kwa kuziunganisha moja kwa moja na betri mpaka umesoma maandishi yaliyo ubavuni. Baadhi ya Hilux zilikuja na plagi za volti 6, ambazo mfumo wa gari unazipa umeme mkali kwa sekunde chache kisha unaupunguza. Ukizipa volti 12 mfululizo, ncha inavimba au inakatika, na kipande hicho kikidondokea ndani utafungua hedi. Kwa sababu hiyohiyo, fundi aliyekuwekea swichi ya kubonyeza kwenye dashibodi amekuachia mzigo wa kuhesabu sekunde mwenyewe.

Plagi zikiwa nzima zote nne, sikiliza relei yao, kisha angalia kama dizeli imerudi tenki usiku. Hilo lina swali lake hapa chini.

Mimi ni kinyume: asubuhi linawaka vizuri, likipata moto na nikalizima, haliwaki tena mpaka lipoe.

Hapo nakuonea huruma, maana dalili hii mara nyingi inaelekea kwenye pampu yenyewe. Ndani yake kuna chuma kinachozunguka na kusukuma dizeli kwa nafasi nyembamba mno. Kikilika, dizeli ya baridi bado ni nzito kiasi cha kutosha kusukumwa. Ikipata moto inakuwa nyepesi na kupenya pembeni, na kwa mwendo wa stata pampu haifikishi shinikizo la kufungua nozeli.

Kipimo chake ni kitambaa. Gari likigoma likiwa la moto, lowesha kitambaa kwa maji ya kawaida, kifunike pampu dakika chache, piga stata. Likiwaka, umepata jibu. Usiimwagie maji ya baridi ndoo nzima. Vyuma vilivyobanana namna ile vikipoa ghafla vinaweza kugandana.

Kabla ya kulia, hakikisha stata inazunguka kwa kasi hata injini ikiwa ya moto. Stata iliyochoka huiga ugonjwa huu vizuri sana.

Linazima lenyewe, au likilala linataka kupampiwa kwa mkono ndipo liwake.

Hewa inaingia kwenye njia ya dizeli. Kwenye Hilux hizi hakuna pampu ndogo ya kusukuma dizeli kutoka tenki, bali pampu kubwa ndiyo inayovuta. Kwa hiyo tundu kwenye mpira halitoi dizeli nje ukaiona; linaingiza hewa ndani kimyakimya.

Kata kipande cha mpira mweupe unaoona ndani, kama ule wa vipimo vya wajenzi, ukiunganishe kati ya filta ya dizeli na pampu. Washa. Viputo vichache mwanzoni ni sawa. Vikiendelea kupita kama soda, tafuta nyuma: klempu, ringi ya mpira ya filta, kibonyezo cha kupampia kilicho juu ya filta, ambacho ngozi yake ya ndani hupasuka kwa uzee, halafu paipu ya chuma inayopita chini ya bodi, hasa pale inaposhikiliwa na vibano na matope kukaa.

Ukishindwa kupata, tumia njia ya dumu. Jaza dumu la lita tano dizeli safi, lifunge juu ya injini mbali na ekzozi, chovya mpira wa kuingilia pampuni humo. Mpira wa kurudishia nao uelekeze kwenye dumu. Injini ikitulia, pampu haina kosa; tatizo liko kati ya tenki na pampu, filta ikiwemo. Kipimo hiki kimeokoa pampu nyingi zilizokuwa tayari zimeandikiwa barua ya kwenda kufunguliwa.

Ikiwa gari limezima ghafla kama lililokatwa umeme, washa swichi bila kupiga stata na usikilize pampu: solenoidi ya kukatia mafuta inatakiwa kulia "tik". Kimya maana yake waya umechomoka, fyuzi imekufa au solenoidi yenyewe.

Injini inamisi (silinda moja inaruka) ikiwa sailensa, yaani ikiunguruma bila kukanyagwa. Nitajuaje ni silinda ipi?

Wacha injini iungurume polepole. Kwa spana namba 17, legeza nati ya paipu ya nozeli ya kwanza nusu mzunguko, dizeli itoke kidogo, sikiliza, kaza. Nenda ya pili, ya tatu, ya nne. Ukilegeza na injini ikazidi kutetemeka, silinda hiyo ilikuwa inafanya kazi. Ukilegeza na hakuna kilichobadilika, ndiyo mgonjwa. Vaa miwani, na usiweke kidole mbele ya dizeli inayoruka. Dizeli ya nozeli ina shinikizo la kupenya ngozi, na jeraha hilo linaonekana dogo kumbe ni la hospitali.

Ukishaipata, badilishana nozeli yake na ya silinda jirani, ukiweka washa (ringi ya kuzibia) mpya. Umisi ukihama, nozeli ndiyo mbaya. Usipohama, pima valvu na kompresheni.

Valvu zinapimwa kila lini? Yangu haina kelele yoyote.

Hiyo isiyo na kelele ndiyo inayonitia wasiwasi. Valvu na kiti chake vikilika, valvu hupanda juu na nafasi kati yake na kemu (shafti inayofungua valvu) inapungua. Kelele inapotea, mwenye gari anafurahi, kumbe valvu imeanza kubaki wazi kidogo injini ikipata moto. Kompresheni inavuja, asubuhi gari ni gumu kuwaka, na ncha ya valvu inaungua.

Injini ikiwa baridi, fila geji (bapa za chuma za kupimia nafasi) inatakiwa kupita milimita 0.20 hadi 0.30 upande wa hewa, na 0.40 hadi 0.50 upande wa ekzozi. Kwenye 3L, 5L na 2L za baada ya 1988 hakuna skrubu ya kurekebisha, ni visahani vya chuma vyenye unene tofauti vinavyokaa juu ya tapeti. Kazi ya nusu siku, na fundi wa haraka atakwambia injini hizi "haziseti valvu". Zinaseti. Pima kila kilomita 40,000 hivi.

Mkanda wa taiming?

Kilomita 100,000, au mara moja ukinunua gari na hujui historia yake. Ukikatika, pistoni na valvu zinagongana. Badilisha na rola yake, na ukimaliza zungusha injini mizunguko miwili kwa mkono, uhakikishe alama za kemu, krenki na pampu zimerudi mahali. Jino moja pembeni kwenye pampu linatosha kuifanya injini ikose nguvu na kutoa moshi, na hapo mtu anarudi tena kwenye skrubu.

Linachemsha mlimani. Fundi ametoa themostati kabisa.

Mwambie airudishe. Bila themostati injini inafanya kazi ikiwa baridi muda mwingi, inakula dizeli zaidi, oili inachafuka haraka, na joto la mlimani halikuondolewa, limefichwa tu kwa muda. Angalia rejeta: injini ikiwa ya moto na imezimwa, pitisha kiganja karibu na uso wake. Sehemu za baridi ni mirija iliyoziba. Tope kati ya mapezi nalo huzuia upepo. Osha kwa maji ya taratibu kutoka upande wa injini kwenda mbele. Feni ya hizi ina klachi ya mafuta. Ukiizungusha kwa mkono injini ikiwa ya moto na imezimwa, iwe na ugumu. Ikizunguka huru kama ya mezani, imekufa.

Halafu kipimo cha hedi: asubuhi, maji yakiwa baridi, fungua kifuniko cha rejeta, washa. Viputo vinavyopanda mfululizo, au mpira wa juu unaokuwa mgumu ndani ya dakika moja ukirudisha kifuniko, ni gesi ya silinda inayoingia kwenye maji. Gasketi imekufa au hedi ina ufa. Hedi ikifunguliwa usikubali "kuifesi" (kuusawazisha uso wake) tu; ipimwe ufa kwa shinikizo kwanza, hasa kati ya valvu.

Dar lilikuwa zima. Nimehamia Mbeya limekuwa na moshi na uzito. Limeharibika?

Huenda halina ugonjwa. Mbeya iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari na hewa yake ni nyepesi kwa takriban asilimia 15 kuliko ya pwani. Injini isiyo na tabo inavuta hewa kidogo, pampu inatoa dizeli ileile, kwa hiyo moshi. Baadhi ya pampu zina kifaa cha kupunguza dizeli kulingana na mwinuko, nyingi hazina. Kama utakaa huko moja kwa moja, hapa ndipo fundi pampu anaweza kuigusa skrubu kwa haki, kwa kuilegeza. Na ukubali kushusha gia mapema.

Dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa inaua injini kweli?

Inaua pampu kwanza. Pampu hii haina oili yake, inalainishwa na dizeli inayopita ndani, na mafuta ya taa hayana ulaini huo. Uchanganyaji ndio uliofanya EWURA, mamlaka ya nishati na maji ya Tanzania, ianze kuweka vinasaba (kemikali ya utambulisho) kwenye mafuta mwaka 2010, na Kenya nayo mwaka 2018 ikaongeza tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa ili tofauti ya bei isiwavutie wachanganyaji. Dizeli ya madumu ya njiani ni ya kukutoa porini, si ya kujaza tenki. Na kila mwezi legeza kiziba cha chini ya filta, kinga maji yatoke. Usisubiri taa ya dashibodi.

Nitajuaje injini imechoka na haitengenezeki kwa vipimo hivi?

Ikiwa ya moto na inaunguruma, fungua kifuniko cha kujazia oili. Mvuke mdogo ni kawaida. Ikipumua kama bomba la moshi na kukisukuma kifuniko, ringi zimekwisha. Thibitisha kwa geji ya kompresheni ya dizeli, si ya petroli ambayo itapasuka. Kikomo cha chini ni kilo 20 kwa sentimita ya mraba, na silinda zisipishane zaidi ya kilo 5. Zikiwa zote ziko 24 na zinalingana, injini hiyo bado ina miaka ndani yake.

Nikifunga tabo je?

Kwenye injini yenye uwiano wa kompresheni wa 22 kwa 1 na hedi ya chemba, sikushauri. Anayetaka nguvu halisi huweka injini nyingine, wengi 1KZ, dizeli ya Toyota iliyokuja na tabo, pamoja na gia boksi na rejeta yake. Namba ya injini iko kwenye kadi ya gari, kwa hiyo pitia kwa wasajili wa magari, Tanzania TRA na Kenya NTSA, kabla ya kulipa fundi.

Vipimo vyote vimeelekeza kwenye pampu na nozeli. Nikifika kwa fundi pampu nimwambie nini?

Mpe dalili, usimpe hukumu. "Likiwa moto haliwaki, kitambaa cha maji kinaliwasha" inamsaidia kuliko "pampu mbovu". Mwombe akuonyeshe nozeli zako kwenye mashine kabla ya kubadilisha chochote: simama pembeni utazame. Nzima inanyunyiza ukungu na kulia kwa mkato, ncha inabaki kavu. Mbovu inakojoa mstari au inaning'iniza tone. Kama mbili zinanyunyiza vizuri, huna sababu ya kununua nne. Ukishalipa, ondoka na zile za zamani kwenye mfuko wako, zimefungwa kwa karatasi na kuandikwa namba ya silinda iliyotoka.